Mtungi na Juala

(Maandishi ya mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)

  



Leo sitazungumza juu ya fadhila za Laylatul Qadr wala hukumu za zakatul fitri. Hayo mashekhe wetu wameyaeleza, na wataendelea kuyaeleza inshaallah. Mimi nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho jana jioni ulikibeba mkononi kwa dakika kumi, toka kwa muuza viazi mpaka mlangoni kwako, kisha ukakitupa. Nakusudia lile juala la plastiki. Najua wengine mshaanza kutabasamu. Lakini nisikilize kidogo, maana wakati wa Magharibi bado.

Kwanza tuelewane. Kufungasha chakula na kukihifadhi si jambo la wazungu, wala si jambo la jana. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tunapolala tufunike vyombo vyetu na tufunge midomo ya viriba vya maji. Na wazee wetu hapa pwani walijua kufungasha. Samaki walibebwa kwa pakacha la makuti. Tende zilikuja na majahazi kutoka Basra na Oman zikiwa ndani ya makanda ya majani ya mtende. Mama alienda sokoni na kikapu chake cha miyaa, na kikapu hicho hicho alikwenda nacho miaka. Vitu vile vikichakaa vikatupwa, mbuzi alikula, au mvua ilivinyeshea, na baada ya muda vilikuwa udongo. Hapakuwa na haja ya kumwita mtu aje atoe mawaidha juu ya pakacha.

Sasa hii polithini ilitoka wapi? Kisa chake ni cha ajabu kidogo. Mwaka wa 1933, kule Uingereza, wanakemia wawili wa kampuni ya ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walikuwa wakijaribu jambo jingine kabisa. Waliitia gesi iitwayo ethilini pamoja na kemikali nyingine ndani ya chombo cha chuma, wakaishinikiza kwa nguvu kubwa mno na kuipasha moto. Walipofungua chombo wakakuta kitu cheupe kama nta. Hawakukikusudia. Ile gesi, ambayo ni chembe ndogo ndogo zinazoelea kila moja peke yake, ilikuwa imeshikana na kuwa mnyororo.

Ukitaka kuelewa, chukua tasbihi. Ethilini ni punje moja moja zilizomwagika sakafuni. Polithini ni punje hizo hizo zilizotungwa uzi mmoja, lakini si punje 33 wala 99, bali maelfu kwa maelfu katika uzi mmoja. Hiyo ndiyo siri yake. Maji hayaipenyi, haishiki kutu, mchwa haili. Na vile viumbe vidogo vya ardhini ambavyo Allah ameviumba vioze majani na mizoga, kwa kiasi kikubwa havijui pa kuanzia kuukata mnyororo huo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliitumia kufunika nyaya za rada. Mwaka wa 1953 Mjerumani Karl Ziegler akagundua njia ya kuitengeneza bila lile shinikizo kubwa, na polithini yake ikawa ngumu zaidi. Tofauti yake ni rahisi. Ile ya kwanza minyororo yake ina matawi matawi, kwa hivyo haikaribiani vizuri, ndiyo maana ni laini, kama ile karatasi ya mkate. Ile ya pili minyororo yake imenyooka na kubanana kama safu ya swala iliyopangwa sawasawa, bega kwa bega, basi ni ngumu. Hiyo ndiyo ya mtungi wa maji. Na hiyo hiyo, ikivutwa ikawa nyembamba kabisa, ndiyo lile juala la kupiga kelele ukilishika.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika. Mtungi na juala ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja.

Tazama mtungi. Ule wa lita 20, wa njano au wa bluu, ambao pengine zamani ulikuwa na mafuta ya kupikia. Humu mitaani mwetu, maji ya mfereji yakikatika, ni mtungi huo unaotuokoa. Mwenye mkokoteni anaupakia, mama anaununua, watoto wanatawadhia. Zamani maji yalibebwa kwa mtungi wa udongo, ukijikwaa umevunjika, au kwa debe la bati lililokula vidole na kushika kutu. Mtungi wa plastiki ni mwepesi, na ukianguka hauvunjiki. Nyumba ngapi hapa zina mtungi wa miaka kumi? Na ile galani ndogo ya lita 5 ya maji ya Zamzam aliyokuja nayo babu kutoka Hija, bado iko kabatini, maji yaliisha zamani lakini hakuna anayethubutu kuitupa! Basi anayesimama akasema plastiki yote ni uovu, huyo hakufikiri. Ni neema, na mwenye mgonjwa hospitali aliyetundikiwa mfuko wa damu au wa maji ya dripu anajua.

Sasa tazama juala. Uzito wake ni gramu chache tu. Limetumia mafuta au gesi iliyotolewa chini ya ardhi, likapita viwandani, likasafirishwa, yote hayo ili kaimati zako sita zisafiri mtaa mmoja. Inasemekana Msuedi aliyebuni mfuko huu wenye mikono miwili, Sten Gustaf Thulin, aliyepata hataza yake Marekani mwaka wa 1965, yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mfuko wake mfukoni ameukunja, autumie tena. Mwanawe ndiye aliyelieleza hilo. Aliona watu wanakata miti kwa ajili ya mifuko ya karatasi, akataka kupunguza. Haikumpitia akilini kwamba watu watautupa baada ya safari moja.

Kwa hivyo hukumu haiko kwenye polithini, iko kwenye mikono yetu. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Allah ametuhalalishia kula na kunywa, na hapo hapo akatukataza israfu. Tumezoea kuifasiri israfu kuwa ni chakula kinachobaki. Je, na kile kilichokibeba chakula? Tufanye hesabu ya dukani. Nyumba moja jioni moja: viazi karai juala moja, kaimati moja, mbaazi moja, sharbati ya ukwaju moja. Manne. Mara siku 30, ni 120. Msikiti wenye nyumba 200 jirani, ni majuala 24,000 kwa mwezi mmoja, na huo ndio mwezi ambao tunasema tumejizuia.

Utaniambia, "Lakini majuala si yalipigwa marufuku?" Ndiyo. Kuanzia tarehe 28 Agosti 2017 ni kosa hapa Kenya kutengeneza, kuingiza au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 mpaka milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 mpaka 4. Hapo kabla serikali ilikuwa imejaribu kupiga marufuku ile myembamba tu, mwaka wa 2007 na tena 2011, na haikufua dafu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba supamaketi peke yake zilikuwa zikigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka nchini. Marufuku ya 2017 ilibadilisha mengi, tuseme ukweli. Aliyepita Kibarani kabla jaa lile halijafungwa anakumbuka ua na miti ilivyokuwa imevaa majuala kama bendera, na upepo ukivuma yanaingia baharini.

Lakini ukienda sokoni jioni ya Ramadhani, ukamwambia mama wa viazi, "Nitilie kwenye juala," mara nyingi atainama chini ya meza, atazame kulia na kushoto, alitoe. Yanaingizwa kwa magendo. Na hapa nataka uniangalie vizuri ndugu yangu. Wewe umebeba viazi vya shilingi hamsini umeondoka. Akipita askari, atakayekamatwa ni yule mama, ambaye faida yake ya mwezi mzima haifiki hata sehemu ndogo ya faini hiyo. Amevunja sheria kwa sababu mteja wake aliona uzito kubeba bakuli. Je, hiyo ndiyo hisani ya Ramadhani? Mimi naona, na Allah ndiye Mjuzi, kwamba mteja ana sehemu yake katika dhambi ya kumtia mwenziwe hatarini.

Haya, tuache sheria, tuje kwenye tumbo lako mwenyewe.

Mafuta ya karai la viazi huwa na joto la digrii 170 mpaka 180. Polithini laini huyeyuka kwenye digrii 110 hivi. Ile ngumu ni kama 130. Sasa viazi vimetolewa, vimechujwa sekunde chache, vikatiwa moja kwa moja ndani ya juala na kufungwa kwa fundo. Umeona wenyewe mara nyingine juala linavyonywea na kugandia kwenye kiazi. Na hata pale ambapo haliyeyuki, viwandani plastiki huchanganywa na vitu vingine: rangi, dawa za kulainisha, dawa za kuzuia isiharibiwe na jua. Joto na mafuta ndivyo vinavyovitoa vitu hivyo na kuvitia kwenye chakula. Maji baridi hayavitoi kwa kiasi hicho, ndiyo maana mtungi wa maji si sawa na juala la viazi vya moto. Ubaya zaidi ni lile jeusi. Aghalabu hutengenezwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, na huwezi kujua zamani ilibeba nini.

Uji wa moto nao tunautia kwenye chupa ya soda. Chupa ile ni plastiki ya aina nyingine, na huanza kulegea kwenye digrii 70 au 80. Ndiyo ile unayoiona imepinda shingo kama mzee. Kisha kuna vile visanduku vyeupe vyepesi kama povu vya pilau na chipsi. Hivyo ni polistairini, na ndani yake mna kemikali ya stairini, ambayo mwaka wa 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Sikutishi. Hakuna aliyesema kwamba ukila pilau mara moja kwenye kisanduku kile umekwisha. Ila mwili ni amana, na mtu mwenye sahani nyumbani hana udhuru.

Chombo chochote cha plastiki kipindue utazame kitakoni. Utakuta pembetatu ya mishale na nambari katikati. Nambari 1 ni chupa za maji na soda: za baridi tu. Nambari 2 ni mtungi na chupa ngumu za maziwa. Nambari 4 ni ile laini ya mifuko. Nambari 5 ni polipropilini, ambayo haiyeyuki mpaka ifike kama digrii 160, na ndiyo bora miongoni mwao kwa chakula cha vuguvugu. Nambari 6 ni hicho kisanduku cha povu. Watoto wafundisheni, wao hupenda michezo ya nambari. Lakini nakuambia, chakula kinachotoka jikoni kinachemka, bakuli la bati au la udongo halina mshindani. Na wale watakaokimbilia kufungia kaimati kwenye gazeti, wino wa gazeti nao si chakula.

Jambo jingine ambalo kina mama watanisamehe kulitaja: kuwashia jiko la makaa kwa juala. Najua linawaka haraka na makaa yakiwa na unyevu yanasumbua. Lakini moshi ule unapita chini ya sufuria ya futari na kuingia kifuani mwa mtoto aliyekaa karibu. Na si kila plastiki ni polithini. Ikichanganyika na aina ile ya mabomba na vitambaa vya meza, ikiungua hutoa sumu kali sana. Tumia vifuu na makumbi, pwani yote hii hatujakosa makumbi!

Na baada ya kutupwa? Haliozi. Jua linalikausha, linakatika vipande, vipande vinakatika vipande vingine, mpaka vinakuwa vidogo kuliko chembe ya chumvi, lakini bado ni polithini. Vimepatikana ndani ya samaki, na hata ndani ya chumvi yenyewe ya mezani katika nchi nyingi. Kasa baharini hulidhania juala kuwa ni konyeza, yule kiumbe laini anayeelea na kuwasha mwili, akalimeza. Kule Lamu punda hula taka mitaani, na madaktari wa wanyama wamekuta plastiki iliyojaa matumboni mwao. Umoja wa Mataifa uliripoti mwaka wa 2017 kwamba katika machinjio ya Nairobi ng'ombe wengine walitolewa mifuko 20 tumboni. Ng'ombe huyo ndiye tunayemla. Mnyama hana mdomo wa kukushtaki leo. Na Mtume (s.a.w.) ametuambia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka mmoja.

Watu wanasema, "Si zitarejelewa viwandani?" Hapa napo mtungi na nduguye wanaachana njia. Mtungi hata ukipasuka una bei, mzoaji taka anauokota kwa sababu unauzwa kwa kilo. Chupa ya maji hali kadhalika. Lakini juala ni jepesi, limejaa mafuta na mchanga, kilo moja itamchukua siku nzima kuikusanya na hakuna anayeitaka. Ndiyo maana utaliona mtaroni na hutauona mtungi mtaroni. Kule Lamu mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda walitengeneza dau zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likashushwa majini mwaka wa 2018, na mwaka wa 2019 likatweka tanga mpaka Zanzibar. Kazi ya kupendeza, na fahari yetu watu wa pwani. Lakini mbao zake ziliyeyushwa kutokana na tani 10 za plastiki, na ukiangalia plastiki inayofika ufukoni kila msimu wa kusi, hatuna mafundi wa kutosha kuigeuza yote madau.

Na ule mfuko laini kama kitambaa mliopewa dukani baada ya 2017, mkadhani ni nguo? Huo nao ni plastiki, polipropilini. Mzuri ukiutumia mara hamsini. Ukiutupa kila siku, umerudi pale pale.

Nimebakisha jambo moja, na hili linatuhusu sisi wa msikitini, tusiwaachie lawama wauza viazi. Zamani futari ya msikiti ilikuwa sinia. Watu wanne, watano, mnazunguka sinia moja, tende katikati, uji kwenye vikombe vya bati. Siku hizi tumeingiwa na mtindo wa kila mtu kisanduku chake, kijiko chake cha plastiki, chupa yake ya maji. Ni rahisi, naelewa, na wafadhili wanapenda kwa sababu wanaweza kuhesabu. Lakini baada ya Magharibi tazama ua wa msikiti. Na baada ya tarawehe ni chupa za nusu lita, nyingi zina maji nusu, zimeachwa kwenye mazulia, na sote twajua kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa maji kiasi cha mudi moja, ambayo ni kama theluthi mbili za lita. Kisha upepo unavipeleka vile visanduku barabarani, kwenye mtaro wa jirani, ambaye pengine si Mwislamu, na ambaye anatujua sisi kwa uchafu huo. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Sisi tunautia.

Najua kwa nini sinia zimeondoka. Si kwamba watu wamechukia kula pamoja. Ni kwamba hakuna anayetaka kuosha. Kazi hiyo waliachiwa kina mama wawili watatu wenye umri, wakachoka, na wana haki ya kuchoka. Kwa hivyo vijana wa chama tumekaa, tumekubaliana. Kumi hili la mwisho sinia zitarudi. Tutaosha sisi, wavulana, watu sita kila siku, kuanzia baada ya Magharibi mpaka Isha, na orodha iko mlangoni mwa maktaba. Siku ya Ijumaa bado ina nafasi mbili. Maji yatawekwa kwenye mitungi minne yenye bomba, kila mtu aje na kikombe chake kutoka nyumbani. Mwenye kutaka kuchukua futari kwenda nayo kwa mgonjwa au kwa mzazi aje na bakuli lenye kifuniko, na mama wa viazi wa hapo pembeni tumeshazungumza naye, amesema mwenye bakuli lake atamwongezea kiazi kimoja.

Sinia tulizo nazo ni kumi na moja. Tunahitaji kama ishirini. Mwenye sinia nyumbani isiyotumika aandike jina lake chini yake kwa rangi na ailete kabla ya kesho Alasiri, atarudishiwa siku ya Idd inshaallah.